Klarineti ya swingi inanichoma masikio, nakosea wapi?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, nina miaka 33, nimekulia kwenye santuri za baba za Morogoro Jazz na Cuban Marimba kwa hiyo nilidhani jazi naijua. Miezi miwili iliyopita nikakutana na 'Sing, Sing, Sing' ya Benny Goodman, dramu zake zikaniteka, nikaamua nimsikilize huyu jamaa na wenzake wa swingi, ile jazi ya kucheza ya bendi kubwa za miaka ya 1930. Shida ni kwamba nikifika wimbo wa nne zote naona zinafanana, klarineti inanichoma kama filimbi ya refa, na nyuma kuna kelele kama mtu anakaanga samaki. Nasikiliza kwa simu nikiwa jikoni, au kitandani na hedifoni sauti juu kabisa ili nisikie vizuri, na juzi sikio la kushoto limeanza kulia piiii usiku. Rafiki yangu anayepiga kinanda kanisani anasema kama hujui nota muziki huu huwezi kuuelewa, ni wa wasomi. Nikate tamaa? Na hivi kati ya Goodman na mpiga klarineti mwenzake Artie Shaw nani mkali, maana watu wanagombana sana. Halafu nimeona klarineti ya mbao mtandaoni bei chee, ninunue nijifunze?"

Marahaba mdogo wangu. Nitakujibu yote ila naanza na sikio maana hilo halisubiri. Hiyo piiii ni sikio linakulalamikia. Kama ilikuja baada ya kusikiliza kwa sauti ya juu na ikaondoka yenyewe ndani ya siku moja au mbili, lipumzishe, hedifoni ziweke kabatini wiki nzima, na ukirudi usipandishe sauti kuvuka nusu au nusu na kidogo. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na hedifoni zikifunguliwa mpaka mwisho zinaipita hiyo desibeli 80 mbali tu. Lakini kama mlio unaendelea, au uko upande mmoja na haukatiki, au watu wanakuongelesha unawasikia kama wako chumba cha pili, usingoje jibu langu wala la mtu mwingine yeyote wa mtandaoni, nenda hospitali umwone daktari wa masikio, pua na koo. Na usikivu ukipotea ghafla sikio moja, unakwenda siku hiyo hiyo, sio wiki ijayo, kwa sababu tiba ya hilo inasaidia ikiwahiwa tu. Nimepuliza klarineti kwenye bendi zaidi ya miaka 20, nimekaa mbele ya tarumbeta, na nimewaona wenzangu waliosema "itaisha yenyewe" ambao leo lazima uongee nao kwa kupiga kelele. Kwa hiyo hilo kwanza, muziki baadaye, hizi rekodi zina karibu miaka 90 zitakusubiri.

Sasa muziki. Nikikuelewa, unajiuliza kwa nini kitu ambacho watu wanakililia mpaka leo kwako kinakuja kama kelele ya aina moja, na kama tatizo ni wewe. Sio wewe. Sehemu kubwa ni simu, sehemu ni umbo la klarineti yenyewe, na sehemu ni jinsi ulivyofundishwa kusikiliza na muziki mwingine mzuri tu, huo wa baba yako.

Tuanze na simu. Bendi ya Goodman ya mwaka 1937 ilikuwa na tarumbeta 3, tromboni 2, saksafoni 4, halafu piano, gitaa, besi na dramu, na yeye mwenyewe mbele na klarineti. Anayepiga besi pale ni kaka yake, Harry Goodman, na ile besi ndo inayoibeba bendi nzima, dum dum dum dum, nne kila kipimo (kipimo ni kundi la mapigo manne) haichoki. Nota za ile besi nyingi ziko chini ya hezi 200, na spika ya simu inaishiwa nguvu kabla hata haijafika huko. Kwa hiyo ukisikiliza jikoni Harry hayupo, dramu kubwa ya Gene Krupa haipo, mkono wa kushoto wa piano haupo, umebaki na tarumbeta na klarineti, tena kwenye eneo lile la sauti ambalo sikio la binadamu lina ukali kuliko eneo lolote. Ni kama umekaribishwa wali ukapewa pilipili peke yake halafu unaulizwa mbona unalia. Tafuta spika yoyote yenye kifua, hata redio ya zamani ya nyumbani yenye tundu la waya, au spika ndogo ya bluetooth uiweke kwenye kona ya ukuta, kona inaongeza besi. Halafu cheza ule ule wimbo uliokuchoma. Klarineti itakuwa bado iko juu ila sasa imekaa juu ya kitu.

Hiyo kelele ya kukaanga samaki ni sindano inapita kwenye santuri. Zile za miaka ya 1930 zilitengenezwa kwa shelaki, ngumu na zinavunjika kama sahani, zinazunguka mara 78 kwa dakika, na mchakacho wake umo ndani ya rekodi yenyewe. Kuna watu wameweka mtandaoni matoleo "yaliyosafishwa" hayana mchakacho kabisa, na wewe kwa kuwa kelele inakukera utayakimbilia. Mengi yao nakushauri uyaepuke, kwa sababu mchakacho na pumzi ya klarineti wanaishi nyumba moja, kule juu kwenye sauti nyembamba, na ukimfukuza mmoja hovyo hovyo unamfukuza na mwenzie. Kinachobaki ni klarineti ya plastiki isiyo na hewa, na hiyo ndo inachoma zaidi. Vumilia samaki kidogo, baada ya wiki moja ubongo wako utaacha kuwasikia kabisa.

Santuri hiyo hiyo ndo inaeleza kwa nini unaona zinafanana. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10 ulibeba kama dakika 3 tu. Bendi ilikuwa na dakika 3 za kuingia, kutoa wimbo, kumpa mmoja au wawili nafasi ya solo, na kufunga kwa kishindo, ndo maana mwendo wake unafanana rekodi hadi rekodi. "Sing, Sing, Sing" iliyokuteka ni tofauti kwa sababu hiyo hiyo, walipoirekodi Julai 1937 ilikuwa ndefu ikabidi ichukue pande mbili za santuri kubwa ya inchi 12, dakika 8 na ushee, kwa hiyo Krupa alipata muda wa kupika. Nyingine zote zimebanwa, na kwenye kitu kilichobanwa utamu uko kwenye vitu vidogo, unatakiwa usogee karibu.

Halafu klarineti yenyewe, na hapa naomba univumilie maana napapenda. Chukua filimbi ile ndefu ya okestra inayopulizwa kwa ubavu na uchukue klarineti, ziweke mezani, urefu ni karibu sawa, sentimita 66 au 67 hivi. Lakini klarineti inashuka chini zaidi ya filimbi kwa karibu oktavu nzima, yaani toka do mpaka do inayofuata. Inawezekanaje? Filimbi iko wazi pande zote mbili. Klarineti upande wa mdomoni umezibwa na ule ulimi wa mwanzi, ridi, na bomba lake ni la unene ule ule tangu juu mpaka karibu na mwisho, na bomba la namna hiyo lililozibwa upande mmoja linafanya kazi kama lina urefu mara mbili. Ndo ikapata ile sauti ya chini nzito, yenye uwazi ndani yake, kama mtu anaongea ndani ya mtungi. Saksafoni nayo ina ridi moja kama klarineti lakini bomba lake linapanuka kama pembe, ikapoteza huo mtungi ikapata kitu kingine. Zumari la kwetu pwani nalo linapanuka, tena lina ndimi mbili, ndo maana linalia vile.

Sasa bomba hilo lina gharama yake. Kwenye saksafoni ukibonyeza kitufe cha oktavu unapata nota ile ile juu yake, do inabaki do. Kwenye klarineti ukibonyeza kitufe cha dole gumba unaruka nota 12, do inakuwa so ya ghorofa ya juu, kwa hiyo vidole vya chini na vya juu havifanani na pale katikati kuna mpaka mgumu wa kuvuka, mwanafunzi wangu yeyote anakujua huko kwa machozi. Matokeo yake klarineti ni kama watu watatu kwenye mti mmoja. Chini ni mzee wa mtungi, katikati juu ni mwimbaji mwenye sauti safi inayong'aa, na juu kabisa ni huyo anayekuchoma. Wewe umekutana na wa tatu tu, kwa sababu wakati bendi ya watu 14 inanguruma na maikrofoni ni moja au mbili ukumbi mzima, mahali pekee ambapo klarineti inaweza kusikika juu ya tarumbeta tatu ni kule juu. Alipanda huko kwa sababu ya kazi.

Kwa hiyo nataka ukutane na wa kwanza. Tafuta "Mood Indigo" ya Duke Ellington, rekodi za mwaka 1930. Mwanzo kabisa kuna ala tatu zinatembea pamoja taratibu, tarumbeta na tromboni zote zimezibwa mdomo, na klarineti ya Barney Bigard. Kawaida ungetegemea klarineti iwe juu, tarumbeta katikati, tromboni chini. Ellington kaigeuza, tromboni kaipeleka juu karibu na tarumbeta, klarineti kaishusha chini kabisa mbali na wenzie. Mara ya kwanza nilisikia hii kwenye kaseti ya mzee mmoja wa bendi yetu, stoo ya vyombo, saa za mchana kuna joto, nikamwambia hiyo ya chini ni saksafoni nzuri sana. Akaniambia angalia mkononi mwako, ndo huyo huyo uliyemshika. Nilikuwa nimeshapuliza klarineti miaka miwili na sikuwa najua kwamba inaweza kusema hivyo. Bigard alitoka New Orleans, huko klarineti ilikuwa na ukoo mrefu kabla swingi haijaitwa swingi, na alikaa na Ellington mpaka 1942. Sikiliza hiyo rekodi mara tano usiku mmoja kwa sauti ndogo. Haitakuchoma.

Kuhusu rafiki yako wa kinanda, mpe salamu zangu na umwambie kwa upole kwamba hapo amekosea. Huu ulikuwa muziki wa kucheza. Ulipigwa kwenye kumbi za dansi, kwa vijana waliotoka kazini na shule, katikati ya miaka ya dhiki kubwa ya uchumi Marekani, na watu walikuwa wanatoka jasho. Mwisho wa 1934 mpaka Mei 1935 bendi ya Goodman ilikuwa kwenye kipindi cha redio cha Jumamosi usiku kutoka New York kilichoitwa "Let's Dance", na zamu yake ilikuwa usiku mnene, New York wengi wameshalala. Lakini California kule saa ziko nyuma kwa tatu, ilikuwa bado jioni, vijana wako macho. Bendi ikazunguka nchi nzima kwa magari ikadoda karibu kila mahali, ilipofika ukumbi wa Palomar, Los Angeles, tarehe 21 Agosti 1935, walianza na nyimbo laini kwa woga, watu wakapoa. Wakaamua kama ni kufa wafe na nyimbo zao, wakatoa zile kali, na ukumbi ukaacha kucheza ukajaa mbele ya jukwaa. Hao hawakuwa wanasoma nota. Na miaka miwili baadaye, Mei 1937, Goodman alikwenda ukumbi wa dansi wa Savoy kule Harlem, New York, kushindana na bendi ya Chick Webb nyumbani kwake, maelfu walijaa ndani na wengine wakabaki barabarani, na hukumu ya wachezaji ilikuwa kwamba Webb kamshinda. Mahakama ilikuwa miguu ya watu.

Ila hapo kwenye miguu ndo kuna tofauti na ulikokulia. Morogoro Jazz waliitwa jazz kwa sababu enzi zile neno lenyewe kwetu lilimaanisha bendi ya dansi yenye vyombo vya kisasa, lakini damu yake kubwa ni rumba, santuri za Cuba zilizofika huku, pamoja na vya kwetu. Masikio yako yamefundwa na rumba, yanatafuta gitaa linalojibizana na gitaa na mdundo unaojipinda. Swingi haijipindi hivyo. Besi inatembea nne sawasawa, na uzito uko kwenye pigo la pili na la nne, na kila pigo likigawanywa mara mbili kipande cha kwanza ni kirefu na cha pili kifupi, duu-da duu-da, kama mtu anayetembea akiruka kidogo kila hatua. Fanya hivi, weka rekodi, usijali klarineti kabisa, piga makofi kwenye mbili na nne tu mpaka wimbo uishe. Ukijikuta umehamia moja na tatu, simama uanze tena. Hii ni kazi ya siku tatu na ni muhimu kuliko nota zote za dunia, maana anachofanya Goodman ni kucheza na hayo makofi, anatangulia kidogo, anachelewa kidogo, anayaruka, na asiyeyasikia anaona jamaa anamwaga nota tu.

Na kuna kitu ambacho wewe tayari unacho kuliko msikilizaji wa Ulaya. Unajua chemko. Wimbo wa dansi unaanza mwimbaji anasimulia, halafu unafika pale magitaa yanapochemka na tarumbeta zinaitikiana na kila mtu anainuka. Swingi nayo ina chemko yake, iko mwishoni, na inafanywa kwa kuitikiana hivyo hivyo. Sikiliza "King Porter Stomp" ya Goodman ya Julai 1935. Mwanzo anaingia Bunny Berigan na tarumbeta iliyozibwa. Wewe nenda nayo mpaka mwisho, utasikia saksafoni zinatupa kijimaneno kifupi na tarumbeta na tromboni zinajibu, zinatupa tena, zinajibu, sauti inapanda kila mzunguko. Hiyo ni kuitika kwa kanisani na shambani kwa Wamarekani weusi, imevalishwa suti.

Hapo nataka nisimame niseme jambo ambalo nadhani linasemwa kwa sauti ndogo mno. Aliyeandika mpangilio huo ni Fletcher Henderson, Mmarekani mweusi, ambaye bendi yake ilikuwa inapiga namna hiyo miaka kabla Goodman hajajulikana. Bendi ya Henderson ilikuwa imekwama kifedha, akawa anamuuzia Goodman mipangilio yake, na zile nyimbo kali zilizowasha Palomar zilikuwa kwenye karatasi za Henderson. Goodman ndo aliyepewa jina la mfalme wa swingi. Simlaumu kwa upulizaji wake, alikuwa mtoto wa wahamiaji maskini wa Kiyahudi Chicago aliyefundishwa na mwalimu mkali wa Kijerumani, Franz Schoepp, na kila nota alihangaika nayo, na mwaka 1936 alimsimamisha jukwaani Teddy Wilson, mpiga piano mweusi, nyakati ambazo weusi na weupe kupiga pamoja hadharani lilikuwa jambo la kuvunja mwiko. Lakini ukisikia utamu wa bendi ile unasikia mikono ya Henderson, na anastahili kutajwa kila mara.

Sasa Goodman na Shaw. Nimepuliza solo za wote wawili nota kwa nota kwa hiyo nakujibu kutoka mdomoni. Goodman anapiga klarineti kama dramu. Kila nota ina ncha, inaanza wazi, na anapenda kukwaruza sauti kidogo akipata moto. Sikiliza "Body and Soul" ya ile tatu yake, yeye, Wilson na Krupa, Julai 1935, hakuna besi kabisa, mkono wa kushoto wa Wilson ndo unashika kazi ya besi na Krupa anasugua kwa brashi. Pale utamsikia anavyosikiliza, anamalizia sentensi ya Wilson kabla haijapoa. Shaw yeye anaimba. Mistari yake ni mirefu, haikatiki mahali unapotegemea, na juu kabisa, pale klarineti za watu wengi zinapokuwa sindano, yake inabaki nene na tamu. Tafuta "Stardust" yake ya Oktoba 1940. Anafungua Billy Butterfield na tarumbeta, ala za nyuzi kama fidla nyuma, halafu Shaw anaingia kama katikati, na solo yake ni vipimo 16 tu. Hesabu. Anaanza kama anayeongea na mtu mmoja, anazunguka, anapanda ngazi, anapanda, na unapodhani amefika anapanda tena moja na anaishikilia bila kupiga kelele. Nimeifanyia mazoezi ile nota ya juu miaka, kuipata ni rahisi, kuipata ikiwa laini ni kazi ya maisha.

Ukinilazimisha, kwa kuendesha bendi na kuwasha ukumbi nampa Goodman, kwa sauti ya klarineti na akili ya mstari nampa Shaw, na nikiwa peke yangu usiku ninayemweka ni Shaw. Mwingine makini kama mimi atakujibu kinyume na hatakuwa amekosea. Shaw alikuwa na mwisho mgumu pia, "Begin the Beguine" ya Julai 1938 ilimpa umaarufu aliouchukia, mwaka ule ule alimchukua mwimbaji mweusi Billie Holiday kuimba na bendi yake akazunguka naye, Holiday akavumilia ubaguzi njiani na hata New York kwenyewe mpaka akaondoka mwishoni mwa mwaka, na mwaka 1954 Shaw akaweka klarineti chini hakuishika tena jukwaani kwa kazi hiyo mpaka anafariki 2004 akiwa na miaka 94.

Moja zaidi ambayo nadhani umeshaisikia bila kujua, "Moonlight Serenade" ya Glenn Miller, 1939. Ile sauti laini ya mwanzo wengi wanaapa ni saksafoni peke yake. Anayeongoza juu ni klarineti ya Wilbur Schwartz, na chini yake saksafoni ya aina ya tenor inafuata wimbo ule ule oktavu moja chini, wengine wamejaza katikati. Jaribu kumfuata Schwartz peke yake toka mwanzo mpaka mwisho, usimpoteze. Ukiweza hilo ujue sikio lako limeshafunguka, na hukuhitaji nota hata moja.

Halafu rudi kwenye "Sing, Sing, Sing", lakini ile ya ukumbi wa Carnegie, tarehe 16 Januari 1938, kama dakika 12. Ilinaswa kwa maikrofoni moja iliyoning'inizwa juu na haikutoka kama albamu mpaka 1950. Vumilia vishindo mpaka karibu na mwisho. Bendi inanyamaza, anabaki Goodman na Krupa, Krupa anapiga tomu zake, zile dramu za sauti nene, chini chini, na Goodman badala ya kupiga kelele anapunguza, anapunguza, anapanda juu kabisa kwa sauti ndogo kama uzi. Halafu Jess Stacy, mpiga piano ambaye usiku mzima alikuwa nyuma tu, anaachiwa nafasi, na anapiga kitu cha upole, kama sala, katikati ya ule moto wote, karibu dakika mbili. Hiyo ndo sehemu ya kukaa kimya nyumbani.

Mwisho hiyo klarineti ya bei chee. Kwanza ujue kitu ambacho watu wetu wengi hawakijui. Klarineti nzuri za mbao duniani, za Ufaransa, za Ujerumani, nyingi zinatengenezwa kwa mpingo. Mpingo huu huu, wa Lindi, Kilwa na Msumbiji, ule ambao Wamakonde wanachonga, mzito mpaka unazama majini, unaochukua miaka 70 mpaka 100 kufikia unene wa kuvunwa. Mimi kila nikiunganisha yangu hilo linanigusa. Nikuambie pia ukweli, kinachoamua sauti zaidi ni umbo la tundu la ndani, kipande cha mdomoni, ridi na mpulizaji, mbao inachangia kidogo kuliko wauzaji wanavyosema. Sifa kubwa ya mpingo ni kwamba ni mgumu, una mafuta, unachongeka kwa usahihi na hauvimbi ovyo.

Na ndo maana nasema hiyo usinunue. Mbao mpya inapasuka, pumzi yako ni ya moto na unyevu ndani, nje ni kukavu, na anayeanza hajui kuilea, inatakiwa kupulizwa robo saa tu kwa siku mwanzoni na kufutwa kila mara. Tena ya bei chee mara nyingine ni mbao yoyote iliyopakwa nyeusi. Tafuta ya plastiki ngumu, iliyotumika, ya kiwanda kinachojulikana, ya Bb (ndo ya kawaida), mfumo wa Boehm, yaani mpangilio wa vidole wa kawaida, wenye vitufe 17 na pete 6, na uanze na ridi namba 2. Sio aibu, wengi wetu tumeanzia hapo. Lakini mwalimu wa ana kwa ana lazima, hata mara mbili kwa mwezi, kwa sababu namna midomo inavyoshika haionekani vizuri kwenye video, na ukikosea miezi sita utatumia mwaka kuibomoa. Ulizia bendi za polisi na jeshi, humo ndo kuna wapuliza klarineti wengi kuliko mahali pengine nchini, ulizia chuo cha sanaa cha TaSUBa Bagamoyo, na kwa treni ya SGR wewe wa Morogoro unakwenda Dar kwa somo na kurudi siku hiyo hiyo. Na dole gumba la kulia likianza kuuma, maana ndo linalobeba uzito wote, mwambie mwalimu mapema, usivumilie.

Ukiipata ya kununua, kabla hujatuma hela omba picha nne, kork za maungio zikiwa wazi, pedi za vitufe kwa karibu, kipande cha mdomoni ncha yake isiwe imemeguka hata kidogo, na jina la kiwanda lilivyochapwa. Nitumie nizitazame.